Tulipe Kilicho Halali, Tudai Kilicho Chetu: Wito kwa Watu wa Kabongo

Wazee wetu mliostaafu, mama zetu wa sokoni, vijana mnaosukuma baiskeli zilizosheheni mahindi, walimu, wauguzi na nyote mnaoishi Kabongo, nawaandikia kuhusu kodi. Najua neno lenyewe halipendezi masikioni. Wengi mkilisikia mnamkumbuka mtu mwenye kitabu cha tiketi mkononi, au kizuizi njiani. Hata hivyo naomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa kuwa katika jambo hili kutojua kunatugharimu kila siku. Mzee analipia nyumba ambayo sheria imemruhusu kusamehewa. Mama anatozwa ushuru wa meza mara mbili kwa siku moja. Mwenye nyumba za kupangisha halipi hata franka moja, kisha analalamika kwamba zahanati haina dawa. Wote watatu wanaumia, na wote watatu wanamuumiza jirani.

Ombi langu ni hili: kila mmoja wetu ajue anatozwa nini, na nani, kwa sheria ipi. Alipe kilicho halali, akatae kwa adabu kisicho halali, achukue msamaha aliopewa na sheria, kisha aulize pesa zimefanya kazi gani.

Tusiwalaumu wazee kwa kuogopa kodi. Hofu hiyo ina chanzo chake. Tarehe 2 Mei 1910 utawala wa Kibelgiji ulitoa dekreti ya kuwatoza Wakongo kodi ya kichwa, na kodi hiyo ilitakiwa kwa pesa taslimu. Mwanamume wa kijiji cha Kiluba alikuwa na muhogo, samaki na mafuta ya mawese, lakini pesa hakuwa nazo. Ikambidi akauze nguvu zake migodini au relini. Baada ya uhuru kodi ya kichwa iliendelea kwa majina mengine, na wengi wenu mnaikumbuka enzi ya Mobutu, pale karatasi ya CPM, yaani kodi ya chini ya mtu binafsi, ilipokuwa kitu cha kutembea nacho mfukoni. Jirani zetu wamekwisha kuachana na kodi ya namna hiyo: Tanzania iliifuta mwaka 2003, Uganda ikafuata mwaka 2005. Kwetu kodi ya chini ya mtu binafsi bado imo katika sheria, kama moja ya mapato ya mamlaka za mitaa.

Lakini kodi ya leo haifanani na ile ya 1910 kwa jambo moja kubwa. Leo ipo Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 65 kinasema kila Mkongo ana wajibu wa kulipa kodi na ushuru wake. Kifungu cha 174 kinaongeza kwamba kodi haiwezi kuwekwa ila kwa sheria, na kwamba msamaha wa kodi nao hauwezi kutolewa ila kwa sheria. Maana yake ni wazi. Hakuna mkubwa, awe na cheo gani, anayeweza kuamka asubuhi akabuni kodi mpya. Na hakuna tajiri anayeweza kujisamehe mwenyewe.

Nani anatoza nini

Kodi zetu zina ngazi tatu, na anayezichanganya huishia kugonga mlango usio wake.

Ngazi ya kwanza ni taifa. Hapa ndipo ilipo DGI, inayoshughulikia kodi za mapato na TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani. DGDA, ambayo ni forodha. Na DGRAD, inayokusanya mapato mengine ya serikali kuu. Mtu anaweza kudhani hana uhusiano wowote na ofisi hizi. Anao. TVA ilianza kutozwa tarehe 1 Januari 2012 kwa kiwango cha asilimia 16, na inapanda garimoshi au lori pamoja na bidhaa. Chupa ya bia au ya soda inayotoka kiwandani mjini na kufunguliwa Kabongo imekwisha kubeba kodi ndani ya bei yake. Kwa hiyo hata bibi asiye na mshahara wala duka ni mlipa kodi, na ana haki ya kuuliza kama mlipa kodi mwingine yeyote.

Ngazi ya pili ni jimbo. Tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka 2015 na Haut-Lomami kuwa jimbo, mlango wetu ni Kamina, si Lubumbashi tena. Katiba, katika kifungu cha 204, imeyapa majimbo na mamlaka za mitaa kodi tatu za kukumbuka: kodi ya nyumba na viwanja, kodi ya mapato ya upangishaji, na kodi ya magari. Viwango vyake katika jimbo hufuata maagizo yanayopigiwa kura na wabunge wetu wa jimbo huko Kamina.

Ngazi ya tatu ni mitaa. Hapa wengi hukosea. Mkuu wa wilaya ya Kabongo ni mwakilishi wa serikali, na wilaya yenyewe haina mfuko wake huru. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 imezipa mamlaka za mitaa, yaani mji, komini, sekta na usultani, uhuru wa kujitawala na kuwa na bajeti yao. Ushuru wa meza sokoni, wa kuchinja mifugo na malipo mengi ya vyeti vya kila siku ni ya ngazi hii. Ukitaka kujua ushuru wa soko umekwenda wapi, nenda kwa sekta yako au usultani wako, kwa sababu huko ndiko daftari linakotakiwa kuwa.

Tangu mwaka 2018 ipo pia amri-sheria nambari 18/004 ya tarehe 13 Machi, yenye orodha ya kodi na ushuru wote ambao majimbo na mitaa yanaruhusiwa kutoza. Kisichokuwamo katika orodha hakina pa kusimama. Hiyo ndiyo karatasi ninayotamani kuiona imebandikwa penye kivuli katika kila soko la Kabongo.

Wazee, huu ni msamaha wenu

Sasa nawageukia ninyi mliomaliza kazi: watu wa reli, walimu, wauguzi, makarani na wafanyakazi wa migodini mliorudi nyumbani. Amri-sheria nambari 69-006 ya tarehe 10 Februari 1969, iliyo msingi wa kodi ya nyumba na viwanja, imewakumbuka wazee na wajane. Mwenye nyumba aliyevuka miaka 55 tarehe 1 Januari ya mwaka husika, na mama aliyefiwa na mume, wanaweza kusamehewa kodi ya nyumba wanayoishi. Masharti yapo. Nyumba iwe makazi yao makuu. Waishi humo na wale wanaowategemea, au na watu wenye hali kama yao, si na wapangaji. Mapato yao ya mwaka yasizidi kiwango kilichowekwa. Na watoe tamko lao kwa wakati.

Sharti la mwisho ndilo linalowaponza wengi. Msamaha hauji wenyewe. Mzee akinyamaza, kwenye daftari yeye ni mdaiwa kama wengine.

Tuchukue mfano wa mzee aliyefanya kazi relini akarudi Kabongo. Ana nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoezekwa mabati, anaishi na mkewe na wajukuu wanne. Pia ana nyumba ndogo Kamina aliyompangisha mwalimu. Nyumba ya Kabongo, kama mapato yake hayajapita kiwango, anaweza kuiombea msamaha. Ile ya Kamina hawezi, kwa sababu haishi humo. Hiyo anailipia kodi ya nyumba, na kodi ya mapato ya upangishaji juu yake; kiwango kilichozoeleka katika sheria ya taifa ni asilimia 22 ya mapato hayo, na kile cha jimbo huulizwa katika ofisi ya mapato ya jimbo. Mzee huyu akisema kweli kuhusu nyumba zote mbili, anaweza kuingia katika ofisi yoyote akiwa ameinua kichwa. Akificha ile ya Kamina, hata msamaha wa ile ya Kabongo ataogopa kuudai.

Kwa hiyo kila mwezi wa Januari wajukuu wawasaidie wazee kuandaa bahasha moja: kadi ya mpiga kura au hati nyingine inayoonyesha mwaka wa kuzaliwa, karatasi za kiwanja, uthibitisho wa makazi, na kwa mjane, cheti cha kifo cha mume. Tamko liandikwe nakala mbili. Moja ibaki ofisini, nyingine irudi nyumbani ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Nakala hiyo ndiyo ngao ya mzee siku atakapobishiwa na mtozaji mpya.

Msidhani mnaomba upendeleo wa ajabu. Tanzania nayo imewasamehe wazee wa miaka 60 na zaidi kodi ya jengo kwa nyumba wanayoishi. Mtu aliyejenga nchi kwa mikono yake anastahili kulala chini ya paa lake bila kudaiwa.

Na pensheni je? Hapa tutenganishe mambo mawili. Makato ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, wakati wa kazi si kodi. Kwa ajili ya pensheni mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 5, na umri wa kustaafu ni miaka 60. Hiyo ni akiba yako, ina jina lako na nambari yako. Vijana mnaofanya kazi leo Lubumbashi, Likasi au Kolwezi, tunzeni karatasi zenu za mshahara na mhakikishe mwajiri anapeleka michango, maana mtu hugundua pengo siku ya kustaafu, wakati kampuni imekwisha kufungwa. Watumishi wa serikali wana mfuko wao, CNSSAP. Na mtu yeyote akimwambia mzee atoe kitu kidogo ili faili lake litembee, hiyo si kodi wala si mchango. Mzee asitoe.

Risiti mkononi

Tuingie sokoni. Mama amepanga samaki wakavu na chupa za mafuta ya mawese juu ya meza. Mtozaji anafika, anadai ushuru wa siku, anachana tiketi. Mama, itazame tiketi hiyo kabla hujaiweka kwenye kitenge. Je, ina jina la mamlaka inayotoza? Ina nambari? Kiasi kilichoandikwa ndicho ulichotoa? Tarehe ni ya leo? Muhuri upo? Kisha tazama kipande kinachobaki kitabuni. Kiasi cha pale lazima kilingane na cha kwako. Kikiwa kidogo kuliko cha kwako, tofauti hiyo imepotelea mfukoni mwa mtu, haitafika kwenye mfuko wa sekta.

Lipo pia lile pendekezo tamu: toa nusu, tusichane tiketi. Linaonekana kama faida. Ukweli ni kwamba franka hizo hazijengi choo cha soko wala kulipa mfagiaji, na jioni mtozaji mwingine akija huna cha kumwonyesha. Ukikubali nusu bila tiketi, umelipa hasara kwa mkono wako.

Kwa malipo makubwa ya ofisini kuna utaratibu mmoja zaidi. Anayekadiria kiasi si yule anayepokea pesa. Wa kwanza anakupa hati ya malipo, note de perception, nawe unakwenda nayo kwa mhasibu wa serikali au benki na kurudi na risiti. Mtu mmoja akikadiria, akapokea na kuweka mfukoni, hapo uliza maswali. Na kumbukeni kwamba baadhi ya huduma ni za bure: kumwandikisha mtoto mchanga ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa hakulipiwi.

Kutoza kisichostahili ni kosa la jinai. Kanuni ya Adhabu ya Kongo, katika kifungu cha 146, inamhukumu kifungo mtumishi wa umma anayedai au kupokea kitu anachojua hakidaiwi au kimezidi. Hata hivyo sisemi mgombane na mwenye silaha kizuizini. Maisha yenu ni ya thamani kuliko mfuko wa mahindi. Andikeni mahali, tarehe, saa, kiasi na jina la huduma anayodai kuiwakilisha, kisha mlifikishe jambo hilo kwa chama chenu, kwa parokia, kwa mbunge wa jimbo au kwa mwendesha mashtaka. Malalamiko ya mtu mmoja hupuuzwa. Karatasi yenye majina ishirini, tarehe na kiasi, hujibiwa.

Franka 16 katika kila 100

Kuna hesabu moja ambayo kila mkazi anapaswa kuijua kwa moyo. Kifungu cha 175 cha Katiba kinayapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, yakatwe papo hapo yanapopatikana. Ile sheria ya 2008 inasema kwamba katika fungu hilo la jimbo, asilimia 40 ni ya mamlaka za mitaa. Piga hesabu: katika kila franka 100 za mapato hayo, 40 ni za majimbo, na ndani ya hizo 16 ni za miji, komini, sekta na usultani.

Tunajua kwamba fungu la asilimia 40 halijawahi kutekelezwa kama lilivyoandikwa, na majimboni hufika pungufu. Basi sababu ya kuuliza imeongezeka. Sekta ijieleze imepokea kiasi gani kutoka Kamina. Jimbo lijieleze limepokea kiasi gani kutoka Kinshasa. Swali likiulizwa na wengi, kwa heshima, kila robo ya mwaka, halitaweza kunyamaziwa.

Lazima tuulize sisi wenyewe, kwa sababu anayepaswa kutuulizia hayupo. Sheria inataka sekta na usultani ziwe na baraza la madiwani waliochaguliwa na wakazi. Uchaguzi huo bado haujafanyika. Mwezi wa Desemba 2023 madiwani wa komini walichaguliwa katika miji mikuu ya majimbo tu. Kwa hiyo huku kwetu hakuna diwani wa kusimama na kusema, tuonyesheni bajeti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pesa za umma zisizo na msomaji wa daftari hupotea haraka zaidi.

Kikwazo kingine ni lugha. Sheria hizi zote zimeandikwa kwa Kifaransa, na watu wanaolipa kodi wanazungumza Kiluba na Kiswahili. Katiba, katika kifungu cha 142, inaiamuru serikali kuzisambaza sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa ndani ya siku 60 tangu kutangazwa. Kiswahili ni mojawapo ya hizo nne. Wakati tunaendelea kudai hilo, tusikae tukingoja.

Tuanze sasa

Walimu na wanafunzi mnaosoma Kifaransa, chukueni orodha ya kodi za mitaa na agizo la jimbo, mzitafsiri kwa Kiswahili na Kiluba, ukurasa mmoja tu: jina la ushuru, kiasi, nani anatoza, mara ngapi kwa mwaka. Ukurasa huo ubandikwe sokoni, kanisani, zahanatini na kwenye kituo cha reli. Wapeni pia watangazaji wa redio wausome hewani.

Wastaafu, ninyi mna kitu ambacho vijana hawana: muda na heshima. Undeni kamati ya wazee katika kila mtaa, wawili wawili, wa kuwasindikiza wajane na wagonjwa ofisini mwezi wa Januari. Mzee akiingia ofisini na mwenzake pamoja na karatasi zake, huhudumiwa tofauti na mzee aliyekuja peke yake mikono mitupu.

Wenye maduka na nyumba za kupangisha, lipeni. Mnaochuma zaidi ndio mnaotumia barabara zaidi. Kila franka mnayoificha inaongezwa juu ya meza ya mama wa samaki.

Watoza ushuru, ninyi ni watoto wetu. Tunajua wengine mnafanya kazi miezi mingi bila mshahara wa uhakika, na hilo tutalisema mbele ya wakubwa pamoja nanyi. Lakini mchane tiketi, kila mara, kwa kila mtu. Mtozaji anayeandika kiasi cha kweli atalindwa na watu wa soko zima.

Masultani na wakuu wa sekta, mmekalia viti ambavyo watu wa Kabongo wanaviheshimu tangu enzi za wafalme wa Waluba. Someni hesabu hadharani mara moja kwa mwaka, chini ya mti au katika uwanja wa shule: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Hamtapungukiwa heshima, na watu watalipa kwa moyo mwepesi zaidi.

Wabunge wetu huko Kamina, kabla hamjapigia kura ushuru mpya, njoni mtuulize ule wa zamani ulifanya nini.

Na wewe unayesoma, uwe Kabongo au mbali nayo, fanya jambo moja wiki hii. Mtafute mzee au mjane mmoja unayemfahamu, mwulize kama amewahi kutoa tamko la msamaha wa nyumba yake. Kama hajatoa, keti naye uandike. Kodi ni wajibu wetu, risiti ni haki yetu, na hesabu ni deni la viongozi kwetu. Tusikubali kutimiza la kwanza huku tukinyimwa mawili yanayobaki.